Michirizi Miwili kwenye Gitaa la Mzee Mansuri

Kazi yangu mimi ni kuficha mvi za watu. Nina saluni Kihonda, mlango wa tatu kutoka mashine ya kusaga, na mwaka huu natimiza miaka kumi na minne ya kuvipa vichwa vya Morogoro rangi ambazo havikuzaliwa nazo. Mteja anakuja na nyeupe, anaondoka na nyeusi, anajitazama kwenye kioo, anacheka peke yake. Sijawahi kuiona dhambi yake. Nasema haya mapema ili anayependa kuhukumu aanze na mimi, maana habari ninayotaka kuieleza ni ya jirani yangu Gervas Mkude, fundi wa magitaa, ambaye uongo haumkai mdomoni hata ule mdogo wa heshima. Ukimletea mtoto mchanga amwone, wenzake wanasema mashallah, kafanana na baba yake. Gervas anasema, "Ana kichwa kirefu."

Mimi ni Nasra, Mnyamwezi wa Tabora. Gervas ni Mluguru wa Matombo. Kwa hiyo sisi ni watani, na mtani haombi ruhusa. Asubuhi yeye huniuliza kama mizigo ya leo nimeshaibeba, kwa sababu babu zetu walikuwa wapagazi. Mimi humuuliza kama ameshuka mlimani kwa miguu au ameviringika pamoja na mkungu wa ndizi. Karakana yake na saluni yangu zimetenganishwa na ukuta wa mabati tu. Vumbi la mbao zake linaingia kwenye mafuta yangu ya nywele, redio yangu inaingia masikioni mwake, na kila mmoja anaamini kwamba anayeonewa ni yeye.

Ni mtu mwembamba wa miaka hamsini na sita, wa kaptula ya kaki na penseli sikioni. Ana ugonjwa mmoja: hawezi kupita mbele ya kitu cha mbao bila kukigonga kwa kidole na kutega sikio. Anagonga milango, anagonga meza yangu, anagonga kinu cha Mwanvita, yule mama wa ng'ambo ya barabara anayetengeneza sabuni za vipande. Msibani kwa jirani mwaka juzi nilimdaka mkono kabla hajaligonga jeneza. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nilitaka kusikia tu," alisema.

Majeneza anayajua. Useremala alijifunza misheni kwao Matombo, akashuka mjini angali kijana, akaajiriwa kwenye karakana moja iliyokuwa na mtindo wa kuchukua mbao za paini, kuzipaka rangi nyekundu ya kahawia na kuziuza kwa jina la mninga. Siku moja mjane alikuja kuuliza kama jeneza la mumewe ni mninga kweli. Tajiri akasema ni mninga. Fundi mkuu akasema ni mninga. Mjane akamgeukia Gervas, na Gervas akasema, "Ni paini, mama. Hiyo ni rangi tu." Jioni hiyo hakuwa tena na kazi. Aliondoka na mabaki ya mbao badala ya mshahara, na kwenye mabaki hayo akatengeneza gitaa lake la kwanza, ndiyo maana nikitaka kumuudhi huwaambia wateja wake kwamba wanapigia muziki kwenye jeneza.

Tangu hapo rangi ya kopo haiingii karakana yake. Husema rangi ni ya milango na mageti. Lakini mtu huyohuyo anayechukia kupaka hawezi kuvumilia ubao wenye rangi isiyoitwa. Kwake uso wa gitaa, ule upande wa mbele wenye tundu, lazima uwe mweupe moja kwa moja, bila doa, bila mstari, bila jicho la tawi. Ubao mzuri akiukuta na alama ya kahawia anauweka pembeni kwa huzuni, na mwisho wake unakuwa benchi. Mabenchi yote manne ya saluni yangu ni mbao zilizofeli mtihani wa Gervas. Wateja wangu wanakaa kwenye sauti nzuri na hawajui.

Mwezi wa sita akaja Mzee Mansuri.

Mzee Mansuri ni mpigaji gitaa wa Mikese. Mabasi yanaposimama pale watu wanunue mahindi ya kuchoma na kunyoosha miguu, yeye yupo kwenye kiti chake karibu na wauza machungwa, anapiga. Ni kipofu tangu akiwa na miaka minne, surua ilimchukulia macho. Habari ya kwanza utakayoisikia kwake, kabla hata ya jina, ni kwamba yeye haombi. Hana bakuli. Ana bei ya wimbo, kama muuza machungwa alivyo na bei ya chungwa, na ukimtupia noti bila kuchagua wimbo anakurudishia. Neno analolichukia kuliko yote ni maskini. Anasema amelisikia tangu utoto, likisemwa pembeni kwa sauti ya chini na watu wanaodhani kwamba asiyeona hasikii.

Na ana utaratibu wake. Kitu chochote kinachohitaji macho anauliza watu watatu, mmoja mmoja. Wakikubaliana, anaamini. Noti ni ya ngapi, mvua inakuja, viatu vimeng'aa: watatu. Kwa utaratibu huo ameishi hadi kuvuka sitini, ameoa, amejenga, na hajawahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Gitaa lake la zamani lilikuwa limeteremshiwa gunia la vitunguu kutoka juu ya basi. Alituletea vipande kwenye mfuko wa salfeti.

"Nataka jipya kabla ya Nane Nane," alimwambia Gervas. "Wiki ile mabasi yote ya maonyesho ya wakulima yanasimama kwetu. Sasa hivi pale pangu kakaa muuza simu na spika yake. Nikichelewa atazaa na wajukuu hapo."

Nilikuwa nimeegemea mlango kama kawaida yangu, nikijifanya nimekuja kuazima nyundo.

Gervas alimpeleka nyuma kwenye mbao zake. Zilikuwa saba, chafu, zimekaa darini juu ya jiko la mama yake Matombo kwa miaka tisa zikikauka, nyeusi kwa masizi. Mzee alizigonga moja baada ya nyingine, kichwa kimeinama. Nilicheka moyoni: nilidhani ugonjwa ule ni wa mtu mmoja. Alipofika kwenye wa tano akagonga, akangoja, akagonga tena.

"Huu," alisema.

"Huo," Gervas alisema palepale, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyesikia kengele ya misa akiwa mbali na kwao. Ulikuwa ubao wa saipresi, mti ulioanguka shambani kwao, na mimi mwenyewe nisiyejua kitu nilisikia kwamba ule mlio ulichelewa kwisha.

"Na uso uwe mweupe, fundi," Mzee Mansuri alisema akiwa ameshafika mlangoni. "Usio na doa. Mwenye macho akiwa na gitaa chakavu watu husema ni msanii. Mimi nikiwa nalo watasema maskini. Sawa?"

"Sawa, mzee," Gervas alisema. Na sawa ya Gervas ni sahihi na mhuri.

Siku mbili baadaye niliisikia randa ikikwangua, kisha msumeno, kisha kimya kirefu. Nikaenda. Ubao alikuwa ameupasua vipande vinne vyembamba, vya kutosha nyuso mbili, maana uso wa gitaa hutengenezwa kwa vipande viwili vinavyofunguliwa kama kurasa za kitabu, mchoro wa kulia ufanane na wa kushoto. Chini ya masizi mti ule ulikuwa mweupe, mzuri. Isipokuwa katikati yake ulipita mchirizi wa kahawia iliyoiva, upana wa kidole, kama chai iliyomwagika. Na kwa kuwa amevifungua vipande kama kitabu, michirizi ikawa miwili. Alikuwa ameshachora mviringo wa tundu kwa penseli, na miwili ile ilianzia hapo, mmoja kila upande, ikashuka.

"Linalia," nilisema. Halikuwa jambo la kusema, lakini mtani akishafungua mdomo huwa amechelewa.

Gervas akakaa chini kwenye vumbi. "Nimeona," alisema.

"Si uchukue ubao mwingine?"

"Kachagua huu."

"Basi paka rangi kidogo."

Alinitazama kama nilivyowahi kumtazama yule mteja aliyeniletea rangi ya viatu nimpake nywele.

Ikaanza vita. Kwanza alileta ndimu kutoka Matombo, kapu zima, akapaka na kuanika juani, kwa sababu ndivyo baba yake alivyotoa weusi wa kutu ya misumari kwenye milango. Karakana ikanukia kachumbari. Mchirizi haukutikisika. Akanunua dawa ya kufulia mashuka meupe, akafuta mara mbili, mikono ikamwasha. Mchirizi ukabaki pale, umetakata zaidi. Mwishowe akaelewa, akaja kunieleza mimi kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nabisha.

"Hizo dawa zinatoa rangi iliyokuja baadaye," alisema. "Hii haikuja, Nasra. Mti umezaliwa nayo."

Rangi ya kuzaliwa nayo. Sasa hapo, mpendwa, alikuwa amegonga mlango wa mwenye kazi yake.

"Fundi," nilimwambia, "mimi nywele nyeusi tii nazigeuza dhahabu kwa dakika arobaini. Huo ubao wako ni mgumu kuliko kichwa cha Mwanvita?"

Nilimletea peroksaidi, ile ya nguvu tunayoichanganya na poda ya kung'arisha nywele. Yenyewe peke yake juu ya ubao ilitoa povu kidogo ikanyamaza. Ndipo Gervas akakumbuka maneno ya mwalimu wake wa misheni, kwamba mti haufungui rangi yake mpaka kwanza upakwe magadi makali. Tukamwita Mwanvita, akavuka barabara na kostiki yake ya kupikia sabuni, akitoa masharti: glavu, siki karibu, na mtu asiiname juu yake akivuta pumzi. Tukawa watatu juu ya kipande cha ubao kama madaktari wa upasuaji.

Nilimlazimisha aanze na kipande cha mabaki chenye mchirizi uleule. Nywele zozote unajaribu kwanza nyuma ya sikio, usije ukamtoa mtu kipara. Kostiki ikapakwa, peroksaidi ikafuata, povu likapanda, nami nikaweka saa ya simu. Dakika ishirini. Tukazima kwa siki, tukaosha, tukafuta kwa taulo langu zuri. Mchirizi ulikuwa umepotea. Gervas hakusema kitu, lakini alivuka akanunua soda tatu baridi, na kwa anayemjua hiyo ni hotuba.

Wazee walisema haraka haraka haina baraka. Kesho yake mimi nina bi harusi na wapambe wake sita, Mwanvita yuko sokoni, na Gervas akaona hawezi kungoja. Akapaka mwenyewe, kwenye vipande viwili vya kwanza, tena akapaka pale kwenye michirizi tu. Nilipokuja jioni ile michirizi ya kahawia haikuwepo. Mahali pake palikuwa na michirizi mingine miwili, myeupe kuliko ubao wote. Gitaa bado lilikuwa linalia, sasa maziwa.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka, na kwa hasira akafanya kosa ambalo namfukuzia kazi msichana yeyote wa saluni: alirudia. Alipaka ubao mzima ili rangi ilingane. Haikulingana, akapaka tena. Mara ya tatu ikalingana. Ukawa mweupe kama sembe, hauna doa, hauna mchoro, hauna hata dalili kwamba uliwahi kuwa mti. Alingoja siku nne ukauke, akaupiga msasa kuondoa nyuzi za mti zilizokuwa zimesimama kama nywele, akaushika kwa vidole viwili, akaugonga.

Puh.

Akagonga mahali pengine. Puh. Mlio wa katoni. Kostiki na maji ya mara tatu vilikuwa vimeilainisha nyama ya ule ubao mpaka ndani. Nimewahi kuziunguza nywele za mtu kwa dawa, zikabaki na rangi nzuri na kukatika mkononi kama tambi. Nilijua alichokuwa anakisikia. Nikampelekea chai na sikufanya utani siku hiyo.

Zikabaki wiki tatu na vipande viwili vyenye michirizi yake. Alivigonga, vikaitika kama siku ile, sauti ndefu, safi. Gervas akawa hali vizuri. Mkewe Rosa alikuja kuniuliza kama mumewe ana deni au ana mwanamke. Nikamwambia ana ubao. Alishusha pumzi, kisha akasema kwamba mwanamke angekuwa rahisi.

Nilimfuata karakana. "Sikiliza, Mluguru. Jenga na hivi vinavyoimba."

"Nimemuahidi mweupe."

"Haoni."

Alipuliza vumbi juu ya ubao.

"Anauliza watu watatu, si ndiyo? Mimi wa kwanza, Mwanvita wa pili, wewe wa tatu. Neno moja tu, jeupe. Anapata sauti aliyoichagua, anapata na moyo mweupe. Nani kaumia?"

"Na Mikese je? Akiwauliza wa huko?"

"Mtu akishaambiwa na watatu hamuulizi wa nne. Utaratibu wake mwenyewe."

Gervas aliokota penseli, akaitazama. "Wewe Mnyamwezi unaweza kubeba mzigo wowote," alisema. Nikalichukua hilo kuwa ndiyo. Si lazima useme uongo, nilimwambia. Sisi tutatangulia, wewe tikisa kichwa tu. Halafu nikakumbuka kwamba mbele ya kipofu hilo halisaidii.

Gitaa alilijenga kwa siku kumi na nane. Sijapata kumwona akifanya kazi kwa upole vile. Ubavu na mgongo ni mninga, wa kweli huu, na juu yake vanishi nyembamba isiyoficha kitu. Nikipita nilikuwa natazama ile michirizi miwili ikizidi kukolea chini ya vanishi, na kila siku nilijifunza maneno yangu: jeupe kama maziwa, mzee. Mwanvita akachagua yake: halina hata doa. Tulikuwa tumejipanga kama kwaya.

Ijumaa ya mwisho kabla ya Nane Nane, asubuhi, Mzee Mansuri akaja. Alikuwa amependeza kwa shughuli: kofia ya kufuma, suruali yenye pasi, shati jeupe jipya la mikono mirefu. Ila vifungo vya shati vilikuwa vimepishana. Kimoja kilirukwa chini, kwa hiyo juu kola upande mmoja ilikaa shingoni na upande mwingine ilikuwa inaelekea sikioni. Niliona. Mwanvita akaona, akanifinya. Lakini utaanzaje kumwambia mzee wa watu kitu kama hicho siku yake ya furaha? Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukanyamaza.

Gervas akampa gitaa. Mzee kwanza alilipapasa lote, pole pole, shingo, mbavu, mgongo. Akaligonga usoni kwa kidole, akatabasamu. Kisha akapiga.

Sina ujuzi wa muziki. Najua tu kwamba mashine ya kusaga ilikuwa inaunguruma na baada ya muda sikuisikia. Msichana niliyemwacha saluni chini ya mashine ya kukaushia alitoka na rola zake za nywele kichwani, akasimama barabarani. Mzee alimaliza, akaweka kiganja juu ya nyuzi.

"Ndilo," alisema. Kisha akageuza uso upande wetu. "Lina rangi gani?"

"Jeupe, mzee," Mwanvita alisema. "Halina hata doa."

"Binti wa saluni?"

"Jeupe kama maziwa, baba," nilisema, tena kwa sauti tamu.

"Fundi?"

Gervas alikuwa anafuta mikono kwenye kaptula. Alifuta, akafuta, na mikono ilikuwa imeshatakata tangu asubuhi. Nilimkanyaga mguu.

"Si jeupe, mzee," alisema. "Lina michirizi miwili ya kahawia. Inaanzia kwenye tundu, huku na huku, inashuka mpaka chini. Ukiliangalia kwa mbele, linalia. Mti ulizaliwa nayo. Nilijaribu kuitoa nikaharibu vipande viwili: vikawa vyeupe, vikafa sauti. Nilikuahidi jeupe na hili silo. Ukilikataa una haki."

Nilitamani ukuta wa mabati unifunike. Mzee Mansuri aliinamisha kichwa. Gitaa lilikuwa mapajani mwake, na kidole chake kikaanza kutembea kutoka kwenye tundu kwenda chini, taratibu, kikitafuta kitu ambacho kidole hakiwezi kukipata.

"Nyinyi wawili," alisema mwishowe, bila kupaza sauti, "mmeniita maskini."

"Hapana, baba, hatujasema..."

"Mmesema. Mmelipaka maziwa tu."

Nimekuwa na jibu tangu nizaliwe, mama yangu atakwambia, lakini pale sikuwa nalo, na uso uliniwaka kama niliyejimwagia kostiki. Mwanvita akaanza kuikunja kanga yake na kuikunjua.

Mzee akapiga nyuzi mara moja, akasikiliza mpaka mlio ukaisha wenyewe. "Nalichukua," alimwambia Gervas. "Na lilie. Atakayesema maskini nitamwambia anayelia ni gitaa, mimi naimba. Tena wimbo wa kulia utakuwa na bei yake." Akacheka kidogo, na sisi tukapata pumzi. "Lakini huyu Mnyamwezi lazima alipe faini. Mimi pia ni Mluguru, ni mtani wake, nina haki."

"Sema, baba," nilisema. "Nitalipa."

"Faini ni hii. Nikikuuliza jambo unaniambia lilivyo. Leo na siku zote. Anza sasa: mimi mwenyewe nikoje?"

Nilimtazama Mwanvita, akatazama chini. Nilimtazama Gervas, naye alikuwa anaitazama ile kola.

"Shati umelifunga vibaya, baba," nilisema. "Vifungo vimepishana. Kola moja iko juu."

Mkono wake ukaenda shingoni, ukaigusa kola, ukashuka kwenye vifungo kimoja kimoja mpaka ukapata pale paliporukwa. Ukatulia hapo.

"Nilipotoka Mikese niliuliza watatu," alisema. "Wote wamesema niko nadhifu."

Gervas akasogea akampokea gitaa. Mzee akasimama wima, akafungua vifungo vyote, akazilinganisha ncha mbili za shati chini kwa vidole, akaanza kufunga upya kwenda juu, bila haraka, nasi tukamngoja mpaka akafika shingoni.

"Sasa?" aliuliza, akiwa amemgeukia Gervas.

"Sasa liko sawa, mzee."

Akanyoosha mikono kupokea gitaa lake. Hakumuuliza mwingine.